Faini ya Kuku Mmoja

Aliyeanza ni mbuzi wa Shaweji, si mimi.
Asubuhi ya bamvua, nimo maji ya magotini pale Naumbu,
nafunga mbegu kambani, kidole kimechanwa na taitai,
yeye kapanda kichanja changu
akala mwani wa siku tatu za jua,
uliobaki kutiwa guniani tu.
Na gunia akalila pembe.

Kwa balozi nilikwenda na ushahidi: kinyesi, kwenye jani la mkorosho.
Balozi Mnyachi akakitazama kwa heshima zote.
"Kilo ngapi?"
Nikasema tano.
Shaweji akasema tumbo la mbuzi wake si ghala.
Ikaamuliwa: kuku mmoja, jike,
aletwe kabla ya adhuhuri.

Aliletwa saa kumi.
Kishingo, manyoya kama mto uliofumuka.
"Anataga huyo," Shaweji akasema,
huku anaangalia nyumba ya jirani.

Kweli, alitaga.
Yai la kwanza ngozi tupu,
laini kama ndewe ya mtoto,
likanipasukia kiganjani kabla sijamwita mtu ashuhudie.
La pili vilevile.
La tatu alilila mwenyewe.
Nikajua nimelipwa deni kwa deni.

Lakini jicho langu lilikuwa kwa mbuzi.
Wiki mbili tangu wizi ule, anapita njiani
anang'aa kama aliyepakwa mafuta ya nazi kwenda arusini,
na kile kikohozi cha masika kimekatika.
Nikasema moyoni: hee.

Mwani ninao.
Mnunuzi hachukui uliokatikakatika,
hachukui uliopauka ukawa mvi,
wala ule uliong'olewa na mawimbi ukalala ufukoni bila mwenyewe.
Huo wote wangu. Jina lake takataka.

Nikautwanga. Na hapa nikiri:
mara ya kwanza sikuusuuza.
Chumvi yote ile nikaiingiza kwenye pumba,
na vifaranga vitatu vya dada yangu Ashumta,
vilivyopita uani kudoea,
vikanywa maji, vikanywa, vikanywa,
magharibi vikalala kando ya kopo, midomo wazi.
Ashumta hakusema kitu.
Alifagia.

Tangu siku ile nasuuza kwa maji ya kisima, mara tatu,
naonja kwa ulimi wangu kwanza,
nikikunja uso narudia.
Naanika upya. Natwanga, nachekecha,
kijiko cha chai kwa kopo zima la pumba na mashudu.
Kijiko, si upawa.
Dawa na sumu hutwangwa kinu kimoja.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki,
chanjo ya kideri ndani ya chupa ya chai yenye barafu.
Akachungulia kinu, akacheka puani.
"Mwani si chanjo, Bi Somoe."
Nani kasema ni chanjo?
Wewe mtie tone lako jichoni,
mimi namtia langu mdomoni,
tuone atamshukuru nani.

Siku ya kumi na tisa, nyuma ya pipa,
yai.
Nikaligonga kwenye jino: ko.
Kwenye mdomo wa ndoo: ko.
Nikakaa chini na kanga yangu mbichi ya baharini
nikaligonga tena, bila sababu.

Shaweji kasikia. Kaja hadi kwenye uzio,
ati kuku yule alikuwa wa kuazima.
Nikamwambia akamuulize balozi,
aende na kinyesi.

Mayai sita nilimpelekea Ashumta akaatamishe.
"Vilikuwa vitatu," akasema.
"Najua."
Akachukua moja, akaligonga kwenye jino kama mimi,
hakucheka, akalifunga pembeni mwa kanga,
akaendelea kuparua samaki.

Na mbuzi?
Yupo chini ya kichanja sasa hivi,
miguu ya mbele hewani, shingo ndefu.
Nimenyanyua jiwe.
Nimelishika muda mrefu kidogo.
Nimelirudisha chini.