Kinywa cha Tetesi

Julai hii Karen imezama ukunguni hadi magotini
nami nimekipachika chuma kwapani
kama mgonjwa anayepimwa homa.
Lijamu la baridi halitiwi kinywani mwa mtu.
Nasema mtu; nisahihisheni mkitaka.

Tetesi ananingoja mlangoni mwa banda,
jike la rangi ya chai iliyozidi majani,
na hata kabla sijamvika hatamu
taya lake limeshaingia kazini,
kwacha, kwacha, kwacha,
kama kinu cha Kawangware
kisichojua kwamba mahindi yamekwisha.

Mwenye farasi, Daktari Mwende, alisema jana
akishuka garini, simu sikioni:
"Esekon, kaza huo ukanda wa pua. Mdomo ufungike."
Nikaanza kumjibu, ha-ha-hau—
Akasema "Sawa," akaenda zake.
Jibu likabaki kinywani mwangu, nikilitafuna.

Ninalo sanduku la mbao, zamani lilikuwa la soda,
limejaa malijamu ya miaka kumi na minne.
La kiungo kimoja: ukivuta, linakunjika,
kifundo kinadunga kaakaa;
alitazama juu asubuhi nzima kama anayehesabu mwewe.
La mpira: siku tatu tu,
Alhamisi nikaokota vipande kwenye nyasi.
La gurudumu la shaba, la ng'ambo, la bei:
eti humtuliza farasi.
Nani atulie? Umempa mlevi chupa tupu
na kizibo cha kuchezea.

Meno yametazamwa. Tabibu wa mifugo alikuja Machi,
akazamisha mkono hadi kiwiko, akapiga magego tupa,
akang'oa kijino kisicho na kazi, kama punje ya kunde.
Nimekiweka kwenye kibiriti. Sijui kwa nini.

Lakini mambo haya mimi nayajua kwa upande wa ndani.
Darasa la tatu, Mwalimu Echwa alinitia penseli
katikati ya meno, akasema, haya, soma.
Nikasoma. Mate yakashuka hadi kwenye kola,
ulimi ukihangaika huku na huko
kama mgeni aliyekaribishwa aketi
chumbani pasipo na kiti.
Waliocheka walidhani natafuna.
Nilikuwa natafuta pa kuuweka.

Pa kuuweka ulimi!
Hilo ndilo lililonipeleka Kamukunji Jumamosi
na uzi wenye mafundo mawili mfukoni,
upana wa kinywa cha Tetesi toka pembe hadi pembe.
Okwaro alikuwa kazungukwa na masufuria ambayo hayajazaliwa,
nyundo mia zikigonga, na kigugumizi changu
hakuna aliyekisikia; pale kila kitu
hugotagota na kurudia.
Nikamchorea vumbini: pande moja, bila kiungo,
limepinda kidogo tu, kama unyusi,
na chini yake nafasi ya ulimi kulala.
"Hiki ni kishikio cha ndoo," akasema.
"Ni-ni nyumba," nikasema.
Akacheka, akauliza unene.
Nikamwonyesha kidole changu cha shahada.

Basi sasa limeshika joto la kwapa.
Nampa. Analipokea. Kwacha—
Mikunjo miwili pembeni mwa mdomo, wa tatu hakuna.
Ukanda wa pua nimeuacha vidole viwili vipite.
Kwacha. Halafu kimya.
Halafu kwa...
Nangoja. Kumngoja mtu amalize
ni kazi ninayoijua.

Tumeuzunguka uwanja mara mbili, mwendo wa miguu.
Hajanyamaza, simdanganyi mtu;
midomo inamchezacheza
kama bibi asomaye gazeti kimoyomoyo,
masikio yamelegea, moja huku, moja kwangu.

Daktari anafika saa nne.
Atauliza kama mdomo umefungika.
Nimeanza kulifanyia mazoezi neno la kwanza.