Somo la Tisa

Jumanne, ukumbi wa kanisa, Grimsby, mvua ya ubavuni.
Kalamu ya kijani inakwaruza ubao:
*Nilikufa kwa aibu.*
*Uso uliniwaka moto.*
*Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.*

Sisi Waingereza, niliwaambia, hatujui kuaibika kidogo.
Ukimmwagia mkwe chai, umekufa.
Ukimwita bosi wako "mama" mkutanoni, umezikwa.
Wakacheka. Vytenis wa kiwanda cha samaki,
magamba bado yanang'aa kwenye saa yake, akasimama:
"Jana, ndani ya lifti, nilimjibu mwanamke
kumbe anaongea na simu. Nilikufa."
Vizuri, nikasema. Umekufa vizuri sana.
Naye Phuong, aliyeshinda kazini na blauzi nje ndani,
akafa mara mbili, maana kitenzi kilimpendeza.

Gülizar anashona mapazia. Huchanganya jana na kesho;
tangu Septemba namsahihisha.
Aliinua mkono nusu,
kama anayesimamisha basi asilo na hakika nalo.

"Ardhi ilipasuka," akasema.
"Ilimmeza dada yangu na wanawe,
na duka la viatu lililokuwa chini yao.
Ilikuwa saa kumi alfajiri. Hawakumwaga chai."

Wakati uliopita. Bila kosa hata moja.

"Hata kwetu msemo huu tulikuwa nao. Huu huu.
Sasa hatuusemi."

Nilitafuta kifutio. Nilisugua kwa kiganja,
kwa mkono wa sweta, kwa mate, Mungu anisamehe,
mbele ya watu wazima kumi na mmoja.
Nilikuwa nimeokota kalamu ya wino usiofutika.
*Ardhi* ikabaki pale, kijani, imefifia pembeni tu.
Joto lilianza shingoni, likapanda masikioni.
Jina lake nilikuwa nalo, mstari wa pili, mwandiko wangu mwenyewe.
Nikasema: tufungue ukurasa wa arobaini.
Ukurasa wa arobaini ulikuwa picha ya matunda.

Basi la saa tatu usiku lilichelewa.
Nilisimama mwisho wa kibanda, nikijifanya kusoma ratiba
ambayo naijua tangu nikiwa msichana.
Mwavuli ukaja juu yangu kutoka nyuma.
Hakusema kitu mpaka taa za forodhani zilipobadilika.
Kisha akawasha simu, kamusi ikamwangaza kidevu.

"Mwalimu. Neno lile la kumeza.
Hapa inasema ni ndege pia.
Mdogo. Mkia wa panda."

Ndiyo, nikasema. Mbayuwayu.
Hujenga kwa matope, chini ya paa la kituo cha zimamoto.

"Sioni."

Wakati wa baridi huondoka. Atarudi Aprili.

"Alirudi Aprili," akarudia polepole,
akilionja kila neno kabla ya kuliachia.

Sikumsahihisha.