Somo la Nane

Fomu imekuja nyumbani imekunjwa mara nne
ndani ya daftari la Kemia, ina doa la samli.
Mwisho ni Ijumaa, asema Tima.
Leo Jumatano, na mama yuko jikoni
akijifanya hasikii.

Saba tumeshayaandika.
Kiswahili, Kiingereza, Hisabati: hayo hayana shauri.
Baiolojia. Kemia. Dini, kwa sababu baba
hata akiwa Mombasa atapiga simu kuuliza.
Historia, kwa sababu Tima mwenyewe
aliitia kwa wino kabla sijaketi.
Kimebaki kisanduku cha nane, kitupu
kama pengo la jino la mbele.

Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye mwenye penseli.
Nimemchorea jedwali nyuma ya risiti ya stima:
udaktari wataka hili, ufamasia lile,
uhandisi haubishiwi hodi bila Fizikia,
nafasi ni sitini, na waombaji
wangejaa Mkunguni mpaka gatini.
Klasta, namwambia, si jumla ya alama zako zote,
ni masomo manne wanayoyachagua wao.
Waweza kuwa na A sita ukalala nje,
umeshika ufunguo wa nyumba nyingine.

Mwaka wangu hapakuwa na wa kuniambia.
Mwalimu Nyamweya alihamishwa katikati ya muhula,
maabara ikafungwa, kufuli likaota kutu,
tukaambiwa, wasichana, chukueni Biashara, ni nyepesi.
Nikachukua. Ilikuwa nyepesi kweli.
Kisha nikaomba uhandisi wa umeme,
na kompyuta ikanijibu kwa neno moja:
Hukutimiza.

Sasa nasoma mita.
Langoni asubuhi, Mkomani baada ya adhuhuri.
Nabisha, naitikiwa, nainama chini ya ngazi,
nanakili tarakimu, natoka.
Kile kigurudumu chazunguka ndani ya kioo,
na mimi, mwaka wa sita huu,
sijui chasukumwa na nini.

"Dada, mbona waikaba penseli hivyo?"
Nimeshaandika F. Nimeshaandika i.
Tima azitazama herufi zile
kama mtu aliyepewa chai ya mwenziwe, imeshatiwa sukari.
"Hiyo ni yako," asema, bila ubaya.

Hapo ndipo mama anapotokea mlangoni,
unga mpaka viwikoni:
"Na hiyo Fizikia, siku hizi ina mwalimu?"

Sikuwa nimeuliza.
Jedwali zima, mistari kwa rula,
na hilo sikuwa nimeuliza.

"Yuko," asema Tima. "Mgeni. Ametoka Witu.
Juzi aliwasha taa kwa ndimu."
Kwa ndimu vipi?
"Ndimu tu. Na misumari, na waya.
Kitaa kidogo hivi. Kikawaka,
Khuleita akapiga kelele darasa zima likacheka."
Akanyamaza. Akachukua kifutio,
akafuta F, akafuta i,
akapuliza vumbi lake likaniangukia mapajani.
"Usinijazie. Bado siku mbili."

Akaenda kulala.
Nikaiinua fomu kwenye mwanga:
F yangu ingali pale, imebonyea karatasini.
Sikuigusa.

Alfajiri, kabla sijafunga viatu,
mama analalama jikoni, makabati wazi,
samaki ameshapaka chumvi na pilipili,
anauliza nyumba nzima
nani aliyechukua ndimu zake nne.