Kizingiti cha Mlango wa Kushoto

Mwalimu Jerotich, usiniambie ni kidonda kidogo.
Umeniletea lengelenge moja, punje ya dengu,
chini ya mlango wa kushoto wa pikapu ya marehemu,
nipake rangi upesi, Jumamosi mna harusi Molo.

Sikiliza kwanza. Nagonga kwa mpini wa bisibisi:
hapa ng', ng', bati linajibu.
Hapa tu, tu,
kama kugonga mkate.

Rangi ni mwongo mwenye adabu.
Kokoto ya barabara ya Njoro iliruka, mwaka gani sijui,
ikaacha tundu la kupitisha unywele,
umande ukaingia, ukakuta giza, ukakaa.
Kisha kiangazi, ziwa likarudi nyuma
na upepo ukabeba vumbi la magadi hadi huku kwetu Kivumbini
(mtaa haukupewa jina bure),
likashikana na matope ndani ya madigadi,
likahifadhi unyevu hata mvua iliposahaulika.
Kutu haina haraka.
Haina Jumapili pia.

Na hili wateja huwa hawaniamini:
chuma kikiliwa hakikondi. Huvimba.
Hujifungua kurasa kwa kurasa, daftari lililolowa,
kikaisukuma rangi kwa mgongo,
ndipo wewe ukaona dengu.

Nimeweka grainda. Rangi, halafu fila,
fila, fila nene kama kidole, pinki kama ufizi.
Nikacheka: fundi gani mvivu hivi?
Nyuma yake gazeti limesokotwa,
bei ya mahindi ya mwaka wa El Nino bado inasomeka.
Na upande uliolala gizani, ambako msasa haukufika,
alama ya dole gumba
lenye kovu katikati.

Nimezima mashine.
Nimelitazama dole langu
kama mtu anayesoma barua aliyoiandika akiwa amelewa.

Mumeo alilipa mia nane. Alipapasa hapo hapo,
akasema, Mucheru, limerudi jipya.
Nilikuwa nadaiwa kodi.

Jumamosi haiwezekani, Mwalimu.
Nitakata hadi bati ling'ae pande zote,
na huko ni mbali kuliko unavyodhani,
huenda hadi chini ya kiti chake.
Pesa usitoe.
Vuta kibao hicho, kaa,
nikuonyeshe kidole.