Tela Lenye Mlango

Loserian anasema tela la wazi lingetosha:
mbao nne, kamba, turubai ukitaka.
Nikamwambia, wewe hujafika Ngarenanyuki kiangazi.
Vumbi la kule halipiti, linahamia.
Linaingia kwenye kabureta, kwenye sala,
kwenye uji wa mtoto uliofunikwa sahani.
Nataka kuta. Nataka paa. Nataka mlango unaojua kukataa.

Tumeshinda Unga Limited tangu asubuhi.
La kwanza jeupe, limetoka bandarini, linang'aa kama jino la bandia;
nikagonga sakafu kwa kisigino, ikaitikia kwa sauti laini,
mbao imeoza chini ya zulia.
La pili lina ekseli mbili, lilibeba farasi wa mtu.
Mwanangu Nderingo akalipenda, na pikapu ni yake,
lakini si yeye atakayelirudisha kinyumenyume
kwenye uchochoro wa kwangu.
La tatu lilikuwa la kampuni ya safari iliyofilisika.
Linanuka vitunguu na mahema yaliyokunjwa mabichi.
Nikaingia, nikajifungia, nikakaa gizani
nikitafuta nyota kwenye bati.
Moja tu, kona ya kushoto.
Nikatoka nikasema: hili. Zibeni lile tundu.

Pikipiki yenyewe ni ya mwaka themanini na tano,
tangi lilikuwa jekundu, limepauka mpaka rangi ya ufizi.
Niliinunua kwenye mnada wa serikali nilipostaafu,
mimi niliyeiendesha miaka kumi na tisa
na boksi la chanjo limefungwa nyuma yangu,
nikihesabu vilima kwa barafu inavyoyeyuka.
Magoti sasa hayataki malori ya barabara ya Moshi.
Yanataka kubebwa mpaka lami inapoishia,
halafu yaachwe.

Haya, tuliandae.
Pima usukani, Loserian, usipime matairi. Usukani na vioo vyake.
(Akapima matairi. Akarudi kupima usukani.)
Mlango wa nyuma ushuke uwe daraja,
daraja refu, mimi si mtu wa sarakasi,
na ulichomelee vipande vya nondo, nisiteleze na tope.
Kitako cha gurudumu la mbele kisogezwe huko,
uzito ukae mbele ya ekseli kidogo:
tela likielemewa mkiani linaanza kucheza,
na ukiwa mteremkoni hakuna wa kulituliza.
Pete nne sakafuni. Zishikwe na fremu, zisishikwe na mbao.
Mikanda miwili mbele, miwili nyuma,
kaza mpaka springi zishuke, zisizame.
Mgonjwa unamfunga asianguke, humfungi asipumue.
Na matundu mawili ya hewa, moja chini, moja juu,
maana petroli ikifungiwa peke yake inawaza mabaya.

"Mama, haya umeyajulia wapi?"

Nikamchorea hewani kwa mikono: boksi la bluu,
mfuniko, makomeo mawili, barafu pande zote nne,
kipimajoto katikati kama mtoto kati ya wazazi.
Ukifungua kuchungulia, umeshapoteza saa nzima.
Siku moja nilichungulia. Njiani, kabla ya Olkung'wado,
kwa wasiwasi tu, kisha mara ya pili, kisha ya tatu.
Watoto arobaini na mmoja walikuwa kwenye mstari
wamevishwa nguo za kanisani.
Nikawaambia pikipiki iliharibika.
Pikipiki haikuharibika.
Imebeba uongo wangu miaka yote hii bila kulalamika.

Jioni tumeipandisha. Mikanda imelia, springi zimeshuka.
Nderingo anauliza kama aweke kidirisha,
niwe naiona tukiwa njiani.
Hapana.
Weka taa za nyuma, weka kufuli, funguo nipe mimi.
Na lile tundu, Loserian, uliziba?

Ingia ndani basi. Nakufungia.
Kaa kimya kidogo, macho yazoee,
kisha uniambie unaona nini.