Daftari la Taa

Kampuni ilikuwa na vitabu vingi, vyote vya jalada jeusi:
kitabu cha mishahara, kitabu cha makaa kwa tani,
kitabu cha nyumbu waliovunjika miguu mgodini,
kila nyumbu kwa jina, rangi na bei yake.
Na kitabu cha ajali, mwandiko wa mlazo, wino wa gharama:
*Kumi na tisa. Mungu awarehemu.*
Chini yake muhuri, chini ya muhuri sahihi,
chini ya sahihi hakuna kitu.

Nimesoma vitabu vya upelelezi tangu shuleni.
Humo mpelelezi huokota jivu la sigara,
hunusa, hukunja uso, hutaja jina,
na mwenye hatia huishiwa nguvu kitini.
Mimi nilipewa ghala lenye panya, mvua ya Asturias ikivuja kutoka darini,
na wiki mbili kabla lori la karatasi kuukuu halijafika.
Nilichookota ni kikohozi.

Siku ya tisa, nyuma ya kabati la spana,
daftari dogo la kijani, linanuka mafuta.
Safu tatu tu: namba ya taa, imetoka, imerudi.
Hakuna aliyelipiga muhuri.
Nani angeogopa daftari la msichana wa taa?

Novemba kumi na nne, zamu ya alfajiri.
Nikahesabu kwa kidole. Nikahesabu kwa penseli.
Nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi, nikahesabu:
taa ishirini na tatu zilishuka.
Safu ya mwisho nyeupe.
Ishirini na tatu kutoa kumi na tisa,
hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza,
na bonde zima halikuifanya kwa miaka arobaini na minane.

Msichana wa taa yu hai. Anaitwa Olvido;
kwa lugha ya kwetu maana yake ni Kusahau.
Ana miaka sabini, anachambua maharage
bila kuniangalia.
"Niliwaambia," anasema. "Mhandisi akaniuliza
kama nina mama anayenitegemea.
Nikajibu, ninaye. Akasema, basi."
Anatupa punje mbovu sakafuni.
"Hakuniamuru nilichome. Alidhani nimeshalichoma."

Wale wanne, ilisemwa, waliondoka usiku wa kuamkia ajali
kwenda Ubelgiji kufuata mshahara mnono.
Kwa hiyo hawakufa. Kwa hiyo wake zao hawakuwa wajane,
na asiye mjane halipwi.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Hii ilifika Ubelgiji.

Taa namba mia moja na kumi na mbili: Belarmino.
Mkewe, Etelvina, aliishi miaka thelathini akimlaani
kila tarishi alipopita bila kusimama.
Kwenye picha ya harusi aliukata uso wake
kwa mkasi wa cherehani,
akabaki ukutani, kijana, ameshikana mikono
na koti lisilo na kichwa.

Nilimpelekea nakala Delfina, binti yao.
Njiani nilijiandalia maneno: fidia, wakili, mahakama.
Akasoma mstari mmoja, miwani ikimteleza puani.
Akasoma tena.
"Hapa penye *imerudi*. Hapana kitu?"
Hapana kitu.
"Basi hakwenda."
Hakwenda.

Birika lilichemka, likapiga mluzi, hakuna aliyeinuka.
Fidia ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Kisha akavuta droo ya vijiko,
akatoa bahasha iliyolainika kwa kushikwashikwa,
na ndani ya bahasha, mdogo kama ukucha wa gumba,
uso.

"Nilimkuta nao chini ya mto, siku tuliyomwosha," alisema.
"Miaka yote aliniambia aliuchoma jikoni."