Bembea ya Lourdes

Curitiba, mwezi wa saba. Baridi imeuma nyasi zikawa nyeupe.
Chumba nambari kumi na moja, Daktari Iolanda
anachora ukoo wetu kwa penseli:
mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke,
mstari wa mshazari, aliyetangulia.

Mimi ni duara lenye nukta. Anselmo wangu
mraba uliopakwa weusi wote,
mwenye mshono nyuma ya sikio
ambao yeye huuita reli.

"Na huyu?" Penseli imesimama juu ya dada yangu.
Baba anavua kofia.
"Lourdes. Miaka minne. Alianguka bembeani.
Bembea niliifunga mimi, kwa kamba ya kuazima."

Daktari anauliza taratibu, kama mtu achambuaye mchele.
Kabla ya hapo, alitapika asubuhi?
Alitembea akiegemea ukuta?
Ndiyo, anasema Baba. Ndiyo.
Kichwa alikishika?
Ndiyo.

"Siwezi kuapa," anasema, "lakini bembea
haimtapishi mtoto wiki tatu kabla."
Kisha anaeleza: jeni moja, mlinzi wa seli;
kwetu mlinzi huyu husinzia.
Imetoka kwako, Mzee, ikapita kwa binti.
Wewe hukuugua. Hutokea.
Ni uwezekano, si hukumu.

(Uwezekano! Neno jepesi
kwa asiye na mtoto pale mlangoni
anayehesabu vigae.)

"Kwa hiyo siyo bembea," Baba akasema.
Miaka arobaini na mitatu
hakuna mti wa ua wetu uliofungwa kamba.
Hata ya kuanikia nguo aliikata;
Mama akaanika kwenye uzio, mpaka kufa kwake.
"Siyo bembea."
Uso ukamfunguka kwa pumzi moja,
halafu nikaona hesabu ikimfikia.
Ametua mzigo, akakabidhiwa mwingine
wenye jina lake.

Damu nzito kuliko maji, tunasema.
Sasa naujua uzito wenyewe:
mililita tano, kichupa chenye kizibo cha zambarau.
Jumanne watachukua ya Neide,
miezi kumi na minane, mishipa myembamba kama uzi.

Kituoni Baba alinunua kokwa za araukaria za moto,
akammenyea Anselmo kwa meno
kama alivyonimenyea mimi.
Hakusema neno hadi nyumbani.

Jumamosi alitoka bila kuaga,
akarudi na kamba mpya, mita sita.
Akalipima tawi kwa macho.
Nilitaka kusema kitu.
Nikaenda kumshikia ngazi.